Ungo wa Mjomba na Maneno Madogo ya Kiswidi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya uhazili, yaani kazi ya ukatibu muhtasi. Nilijua kupiga chapa bila kutazama vitufe, na nilijua hatimkato, yale maandishi ya mikwaruzo yanayomwezesha karani kumkimbiza mtu anayesema haraka. Nilipangiwa ofisi ya mradi wa maji uliokuwa ukiendeshwa na Waswidi hapa Sumbawanga. Ofisa Tawala, Mtanzania mwenzetu aliyevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alinipa ripoti ya kurasa sita iliyoandikwa kwa mkono akaniambia niichape. Ilikuwa ya Kiswidi. Sikuelewa hata neno, lakini mpiga chapa haulizwi kama ameelewa. Juu ya baadhi ya herufi kulikuwa na vidoti na viduara ambavyo mashine yangu haikuwa navyo. Nikaamua ni madoa ya kalamu, nikaviacha.

Mhandisi Mkuu alitoka chumbani kwake ameshika zile karatasi kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Akasema maneno mengi ya Kiingereza. Ofisa Tawala alinitafsiria kwa ufupi: "Dada, nenda nyumbani. Tutakuita."

Hawakuniita. Kesho yake nilirudi mwenyewe, nikaketi kwenye kiti kile kile, nikaanza kuweka vidoti kwa kalamu ya wino, ukurasa kwa ukurasa. Wafipa tunasifiwa upole, na ni kweli, lakini anayedhani upole ni kukosa ukaidi hajawahi kuishi na mama yangu. Ilipofika adhuhuri Mhandisi Mkuu alipita, akasimama, akaangalia, akaenda zake. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Nayaandika haya kwa sababu siku hizi vijana wananifuata hapa Majengo ninakoishi. Wanakuja na simu zao zinazofundisha lugha. "Shikamoo bibi. Tumesikia unajua Kiswidi." Wengine ni wauguzi wanaotafuta kazi huko Uswidi. Wanasema majina ya vitu wameyashika na vitenzi wanavimudu, ila yale maneno madogo yanawatoa jasho. Basi nitaeleza nilivyojifunza. Nitaeleza pia nilivyoyatumia, ingawa hilo hakuna aliyeniuliza.

Hayo maneno madogo walimu wanayaita vihusishi. Ndiyo yanayosema kitu kiko wapi, kinatoka wapi, kinakwenda kwa nani, lini na kwa chombo gani. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kujibana. Tunasema mezani, na mwenye akili ataelewa kama ni juu ya meza au pembeni yake. Tukishakuwa na "kwa" tumemaliza: kwa mama, kwa kisu, kwa miaka mitatu, kwa gari. Mswidi haridhiki hivyo. Kwa mama ana neno lake, kwa kisu lake, kwa miaka mitatu lake, na ukiyachanganya anakutazama kama umevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nilipoanza kuandika ripoti zangu mwenyewe, kila duara jekundu la Mhandisi Mkuu lilizunguka neno la herufi mbili au tatu. Maneno marefu kama treni niliyapatia. Yale madogo ndiyo yaliniaibisha.

Mkalimani wa kwanza wa mradi alipohamia Dar es Salaam, Mhandisi Mkuu alikosa mtu. Ofisa Tawala alijua Kiingereza tu. Ndipo nikapelekwa bohari nikafundishwe na Mtunza Bohari, mzee wa Kiswidi mnene mwenye hasira za karibu, aliyekuwa fundi bomba tangu ujana wake. Hakuwa na kitabu. Alikata kipande cha bomba, akakiweka mezani, akatoa punje moja ya maharage mfukoni.

"Bönan är i röret," akasema. Haragwe limo ndani ya bomba. Akalitoa, akaliweka juu: "Bönan ligger på röret." Chini yake, ni under. Nyuma yake, bakom. Akaliviringisha liingie upande huu na kutokea upande ule: genom, kupitia. Kisha ikawa zamu yangu. Nikikosea, alilichukua lile haragwe akalitupa nje mlangoni, na mimi nilipaswa kwenda kuliokota kabla ya kuendelea. Vibarua walioshusha saruji walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Nimeokota maharage mengi sana katika uwanja ule.

Siku moja nilimuuliza kwa nini mjini wanasema i, kana kwamba umeingia chomboni, na mashambani wanasema på, kana kwamba umepanda juu ya kitu. I stan, på landet. Alinikazia macho. "Usiulize kwa nini. Uliza ni lipi." Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyopewa, na niwaambie vijana, hata leo sina nyingine. Neno dogo hulielewi. Unalizoea, kama unavyomzoea mkwe.

Nyumbani niliendelea na vyombo vya mama. Ungo juu ya chungu, chungu chini ya ungo, kuku nyuma ya kinu, mwiko kati ya vyungu viwili. Mama alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akakaa kwangu wiki tatu, akawa ananisikiliza nikiongea na sufuria. "Skola," aliniuliza, "huko kazini mnafanya nini hasa?" Nikamweleza kuna neno moja nililipenda kuliko yote, hos, ambalo maana yake ni kuwa kwa mtu, nyumbani kwake, ukiwa chini ya uangalizi wake. Hos min mor, kwa mama yangu. Akalirudia mara mbili na Kifipa chake mdomoni, akacheka.

Baada ya hapo nilipelekwa Namanyere, chini ya Mpima, Mswidi aliyekuwa mkuu wa timu ya upimaji. Kazi yake ilikuwa kutafuta njia ya maji ya mserereko, yaani maji yanayoshuka kwa uzito wake mwenyewe kutoka chemchemini hadi kijijini bila mashine. Mpima alikuwa mtu wa maneno machache na yote yalikuwa vihusishi: kutoka hapa, hadi pale, juu ya kile, kando ya hiki. Miezi tisa ya kumfuata vilimani ndiyo iliyonikomaza. Nilirudi nikiwa mkalimani kamili, nikapewa cheo kwa barua na kituo kipya Mpui.

Ukalimani una taratibu zake. Unasimama hatua moja nyuma ya msemaji. Ukisema maneno yake unasema "mimi" kana kwamba wewe ndiye yeye. Huongezi, hupunguzi. Mimi nilikuwa na utaratibu wa ziada, kwamba mbele ya wazee nilipiga magoti. Mwanamke wa kwetu hasemi na wazee akiwa amewasimamia vichwani. Mhandisi Mkuu alichukia sana.

"Simama, Skolastika. Wewe ni mtumishi wa mradi."

"Nikisimama hawatanisikiliza."

"Ukipiga magoti mimi ndiye nisiyekusikia," akasema. Lakini alizoea, akawa anainama kidogo kupokea Kiswidi changu kutoka chini. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Ningekuwa na mahali pepesi pa kutupa lawama kama angekuwa mbaya.

Yeye ndiye aliyenipa ahadi. Kule Mpui, siku moja tukinywa chai kambini, alisema: "Om ett år." Baada ya mwaka mmoja. Ningekwenda Uswidi, nisome lugha chuoni, nirudi niwe mwalimu wa wakalimani wa mradi mzima. Barua ya kuniombea ingekwenda makao makuu pamoja na ripoti ya skimu ya maji iliyofuata, ili wakubwa waone kazi na mfanyakazi kwa pamoja. Skimu yenyewe ilikuwa ya kijiji alichozaliwa mama yangu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mpui.

Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka safari ile. Nilijiona nikishuka kwenye ndege na vidoti vyote mahali pake. Niliyasema maneno hayo matatu nikioga, nikipika, nikiwa kanisani. Om ett år.

Chemchemi ya kijiji kile ilikuwa juu mlimani. Maji yake yalishuka kwa kijito mpaka bondeni, ambako wanawake walikuwa na bustani za kiangazi: maharage, kabichi, vitunguu, matuta yaliyokaa kwa foleni hadi chini kabisa, walikohamia Wasukuma na ng'ombe wao. Mahindi na ulezi vilitegemea mvua. Kilichomvisha mtoto na kumpeleka shule kilitoka bondeni. Bustani ya mama ilikuwa ya tatu kutoka juu. Mpango wa mradi ulikuwa kujenga banio, ukuta mdogo wa zege unaokinga maji yanapotoka ardhini, na kuyaingiza yote kwenye bomba hadi kwenye koki kijijini.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya kanisa la kigango. Wanawake walipika ugali wa ulezi na kuku. Mhandisi Mkuu alikula vizuri, akashukuru, akaeleza mpango, nami nikautafsiri nikiwa nimepiga magoti. Sikukosea hata kidogo. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mjomba Longino, kaka yake mama na mkubwa wa wazee pale, alisimama akasema, "Wageni wetu wamesema vizuri. Tumewasikia, tumepokea." Wazee wakapiga makofi yetu ya heshima, taratibu. Mhandisi Mkuu alinigeukia uso umejaa furaha.

Mimi nilijua kwamba mkutano haujaisha. Kwetu mgeni aliyekula chakula chako humkatalii mbele za watu. Unamwitikia, anaondoka na heshima yake. Kama kuna neno, linafuata kesho yake, na halipelekwi mikono mitupu. Mzee mmoja huchukua ungo wa ulezi uliofunikwa kitambaa, akaupeleka kwa mtu aliye karibu na mgeni, na kumwachia neno. Huyo ndiye mjumbe. Akilifikisha, anamimina ulezi na kurudisha ungo mtupu. Akishindwa, anaurudisha umejaa, na hakuna anayemlaumu. Wazee watatafuta mtu mwingine. Ungo mtupu maana yake neno limefika. Ndivyo mashauri makubwa yalivyoendeshwa pale, tangu kuozesha mabinti hadi mipaka ya mashamba.

Kesho yake asubuhi Mjomba Longino alikuwa mlangoni kwangu Mpui, vumbi hadi magotini, ungo kichwani. Nilipiga magoti nikapiga makofi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama, mjomba. Karibu ndani."

Hakuingia mpaka aliponikabidhi ungo. Kisha akakaa, akasema neno lake bila kuzunguka. "Waambie wageni wako bomba tunalitaka, na maji ya koki tunayataka. Ila kijito kisikauke. Waache maji kidogo yapite, ya bustani za mama zako. Na kama hayo mawili hayawezekani pamoja, basi watuachie chemchemi yetu kama ilivyo."

"Mjomba, hawa watu wamekwisha kupima. Kila kitu kimeandikwa."

"Mjumbe hauawi, mama. Wewe peleka. Wakikataa, watakuwa wamekataa wao."

Nikamwandalia chai, akanywa, akaondoka. Nilikwenda moja kwa moja kambini, neno likiwa tayari kichwani kwa Kiswidi, kila kihusishi mahali pake. Mhandisi Mkuu alikuwa mezani. Mbele yake kulikuwa na barua, na niliisoma kichwa chini miguu juu kabla hajasema kitu. Ilikuwa na jina langu.

"Mkutano ule ulikuwa mzuri sana," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyepinga. Ripoti inaondoka Ijumaa, na barua yako pamoja nayo."

Nilijua akisikia kuna neno la wazee, ripoti haitaondoka Ijumaa. Mpango ungechorwa upya, ungetumwa kuidhinishwa, masika yangeingia, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache. Hayo niliyawaza mimi. Sikumuuliza. Nilisema "Ja," nikatoka.

Ungo ulikaa chumbani kwangu siku tatu. Bado ningeweza kuurudisha umejaa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko lile la kunyamaza, kwamba desturi yetu ilikuwa imeniwekea mlango wa kutokea bila aibu. Ningemwambia mjomba "nimeshindwa," angesema "haya, mama," akamtafuta katekista wa kigango. Lakini katekista angelipeleka kweli, na nililijua hilo. Siku ya nne, ripoti ikiwa njiani, nilimimina ulezi kwenye debe langu, nikampa ungo mtupu mwanamke aliyekuwa akirudi kijijini kutoka sokoni. Ulezi wenyewe niliusaga, nikala uji wake wiki mbili.

Kijiji kikaona ungo mtupu, kikajua neno limefika. Ndiyo maana walichimba mtaro kwa moyo. Kilomita nzima na zaidi walichimba kwa majembe yao wenyewe, kujitolea, wakiimba. Mjomba Longino alichimba na umri wake ule. Waliona banio linajengwa, na walingoja kuona fundi akiacha tundu la kijito. Zege likafungwa bila tundu. Bado hawakuuliza, maana neno lao lilikuwa kwa wageni, na kuliuliza mara ya pili ni kumdharau uliyemwambia. Siku ya kufungua, padri alibariki koki, maji yakatoka kwa nguvu, watoto wakalowana. Na mimi nilicheza ngoma siku ile. Nilicheza sana.

Kiangazi kilipokolea bonde likawa jeupe. Matuta ya juu yalikauka kwanza, ya mama yakiwamo, halafu ya chini. Wasukuma walihamisha ng'ombe wao. Nilikwenda kumsalimu mama nikamkuta ameketi barazani akichambua maharage ya kununua, kitu ambacho sikuwahi kukiona nyumbani kwetu.

"Wale wageni waliambiwa?" aliniuliza bila kuinua uso.

"Waliambiwa, mama."

"Wakasemaje?"

"Hawakujibu."

Akaendelea kuchambua. "Basi ndivyo walivyo," akasema.

Nami nikamwacha aamini hivyo. Kijiji kizima kikaamini hivyo: kwamba Waswidi walikula kuku wetu, wakatumiwa neno kwa heshima zote, wakalikanyaga.

Mkataba wa Mhandisi Mkuu uliisha kabla ule mwaka mmoja haujatimia. Juma lake la mwisho, vifaa vikiwa vimeshapakiwa kwenye malori, aliomba tuzunguke tuage skimu zote. Pale kijijini alisimama juu ya banio akalitazama bonde muda mrefu. Wanawake waliokuwa wakipita hawakumsalimu, na kwa Wafipa kupita bila kusalimu ni kama kumtemea mtu mate.

"Chini kule kulikuwa na bustani?" akaniuliza.

"Ndiyo."

Akashika kiuno. "Ingetosha bomba dogo la inchi mbili kwenye ukuta huu, la kuachia maji. Kazi ya siku mbili. Kwa nini hawakusema?"

Kazi ya siku mbili. Na hapo pia mlango ulikuwepo. Ningeweza kusema ukweli, pengine angeshusha fundi mmoja na mfuko mmoja wa saruji kutoka kwenye lori. Badala yake nilifungua mdomo, na Kiswidi kikatoka chenyewe, safi kuliko siku zote: "Ingen sade något till mig om vattnet i dalen." Hakuna aliyeniambia chochote kuhusu maji ya bondeni.

Alitikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akanitazama, akatabasamu kama mwalimu anayeagana na mwanafunzi wake. "Umekwenda mbali sana, Skolastika," akasema. "Hakuna hata kosa moja."

Mrithi wake aliitwa Mratibu, kwa kuwa cheo cha Mhandisi Mkuu kilifutwa. Nilimngoja azoee ofisi, nikaingia kumuuliza habari za barua yangu. Alipekua faili, akainua mabega. Barua aliiona, na jibu lake pia: masomo ya lugha hayamo tena katika mpango, tangu sasa kazi zote zitafanywa kwa Kiingereza. "Lakini nasikia unapiga chapa vizuri," akanifariji. Nikarudishwa Sumbawanga kwenye kiti kile kile cha siku ya kwanza. Mtunza Bohari alikuwa ameshaondoka, na pale bohari nilikikuta kipande chake cha bomba kinazuia mlango usifunguke na upepo.

Mradi ulipofungwa nilihamishiwa ofisi za serikali, nikawa katibu muhtasi wa wakubwa saba mmoja baada ya mwingine. Nimetoka kwenye taipureta nikaingia kwenye kompyuta. Kiswidi sikukitumia tena hata siku moja, isipokuwa kusoma maandishi kwenye mabomba ya zamani yaliyotupwa nyuma ya yadi. Nilistaafu kwa soda, keki na hotuba ambayo mkuu wangu wa mwisho alitamka jina langu visivyo. Bomba la kijijini lilipasuka zamani katikati ya njia. Hakuna aliyekuja kulitengeneza, na wanakijiji hawakutaka kuligusa. Banio bado linakinga maji, maji yanaingia bombani, yanamwagika kwenye vichaka ambako hakuna mtu wala mmea wenye haja nayo.

Mama alifariki. Mjomba Longino alifariki. Nilihudhuria misiba yote miwili na nililia kwa sauti, watu wakasema Skola aliwapenda kweli wazee wake.

Mwaka huu baada ya mavuno magoti yangu yalianza kunikatalia, nikaona nikichelewa sitaweza tena kuyapiga. Nilinunua ulezi mpya, nikaujaza ungo, nikaufunika kitambaa cheupe, nikakodi bodaboda hadi kijijini, kwa Mama Orsolina, mjane wa mjomba. Ni mzee sana sasa lakini macho yake yanaona. Nilipiga magoti mlangoni, nikapiga makofi, nikauweka ungo mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huu ni wa nini?"

"Ni ule wa mjomba. Wa maji."

Alifunua ncha ya kitambaa. "Ule ulirudi mtupu."

"Ulirudi mtupu, mama. Lakini neno sikulifikisha. Waswidi hawakuwahi kulisikia. Mwenyewe yule mkubwa aliniambia ingekuwa kazi ya siku mbili."

Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nadhani nilikuwa nayatamani. Alikaa tu, mkono juu ya kile kitambaa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza jambo la jirani.

"Padri alipokuja kumpaka Longino mafuta ya wagonjwa, alimwambia asamehe wote waliomkosea. Longino akasema, nimewasamehe wote, ila wale Wazungu wa bomba siwasamehe, maana niliwatumia neno kwa heshima wakanidharau. Padri akambembeleza. Mimi nikambembeleza. Akakataa. Akafa hivyo, Skola. Amekufa ameshika chuki ya watu wasiojua chochote."

Mama Orsolina aliusukuma ungo kwangu kwa mikono miwili.

"Mimi siupokei. Mwenye ungo hayupo. Na neno lenyewe halikuwa langu wala lako, lilikuwa la wale wageni. Wewe unajua lugha yao. Wapelekee."

Basi ungo uko hapa Majengo, juu ya meza ninayoandikia, umejaa vile vile. Vijana mnaokuja na simu zenu, mkinikuta nimenyamaza mjue ninautazama huo. Mnaniuliza vihusishi vya Kiswidi vinashikwaje. Vinashikwa. Chukueni bomba na haragwe, mwezi mmoja mtakuwa mmeviweza, hata mimi niliviweza. Wala msidhani atakayewatuma ujumbe atajali kama mmekosea i mkasema på. Atajali kama mmefika.

Nimeandika barua. Mhandisi Mkuu kama yu hai ni mzee kunizidi mimi, na wapi anaishi sijui. Wote niliowauliza hawajui hata kwamba kulikuwa na mradi. Hata hivyo nimeiandika, kwa mkono, na vidoti vyote. Inaanza hivi: "Från byn till er, om vattnet i dalen." Kutoka kijijini kuja kwenu, kuhusu maji ya bondeni. Kisha linafuata neno la Mjomba Longino kama alivyolisema mlangoni kwangu, halijaongezwa, halijapunguzwa. Nimeipitia mara nyingi nikitafuta kosa na sijaliona. Sina pa kuituma.